Avatar ya Tatu: Cameron Katafuta Mchawi



Leo sina habari za vimbweta, wala za bumu kuchelewa, wala za kile kipindi cha saa moja asubuhi kinachotutoa roho. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na James Cameron, mzee wa Titanic, kwa ajili ya Avatar: Fire and Ash iliyotoka Desemba 2025. Najua nusu ya hosteli mmeipenda. Najua kuna waliorudia mara mbili, na kuna dada mmoja wa chumba cha jirani siku hizi anataka aitwe Varang. Sawa. Mie nasema mapema ili msije kusema nimezunguka mbuyu: hii filamu imetusaliti. Na nikisema "sisi" sina maana ya mashabiki wote wa dunia. Nina maana ya sisi tuliokulia ukanda wa dhahabu, kutoka Nzega mpaka Geita, ambao ile Avatar ya kwanza ya mwaka 2009 tuliiona tukajua mara moja inamsema nani.

(Ambaye hajaiona na hataki kuharibiwa utamu, aishie hapa akapike. Baadaye asinilaumu.)

Kwa wasionijua, mie ni wa Samuye, Shinyanga Vijijini, barabara ya kwenda Tinde. Kwetu hakuna mgodi mkubwa. Kwetu kuna pamba, mpunga, ng'ombe na vumbi la malori. Lakini mgodi haujawahi kuwa mbali na sisi. Upande mmoja una almasi ya Mwadui, ile aliyoigundua Williamson mwaka 1940. Upande wa Kahama una Buzwagi na Bulyanhulu. Songa mbele, Geita hiyo. Kila ukoo una mtu wa machimboni: mmoja kaingia duara karudi na pikipiki, mwingine karudi na kifua kibovu, mwingine hajarudi mpaka kesho. Kwa hiyo mkitupa hadithi ya kampuni iliyosafiri safari ndefu kufuata jiwe lililo chini ya nyumba za watu, hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Na kweli hatukuelezwa mara mbili. Wengi wetu Avatar tuliiona kwenye kibanda umiza, ikiwa imeshatafsiriwa. Nyie watoto wa flashi pengine hamjui raha ile. Mtu anakaa na kipaza sauti, anazungumza juu ya filamu nzima, anawapa wahusika majina, anatania, anakuonya kwamba huyu unayemcheka atakuja kulia. Dar es Salaam kazi hiyo ilijengewa jina na watu kama Derek Mukandala, tuliyemjua kama Lufufu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ wao. Sasa yule wa nakala yetu hakuhangaika hata sekunde moja na neno "unobtanium". Alisema DHAHABU. Parker Selfridge, yule anayecheza gofu ofisini na kijiwe chake kinaelea mezani, alimwita meneja wa mgodi. Kanali Quaritch mwenye makovu kichwani alimwita mkuu wa ulinzi. Basi. Banda zima likaelewa. Hakuna aliyeuliza hiyo Pandora ni sayari ya wapi.

Na mtafsiri yule hakupotosha kitu. Filamu ya kwanza ilikuwa ya mgodi, nukta. Kilo moja ya lile jiwe ni dola milioni 20. Shapo kubwa kuliko yote liko chini ya Mti-Nyumba wa Omatikaya. Kampuni ikaanza na ahadi: shule, dawa, barabara. Wenyeji hawakutaka. Wakatuma mtu wa kuwashawishi, wakampa miezi mitatu. Muda ulipoisha zikaja mashine. Angalieni huo mpangilio jamani: hesabu, ahadi, tarehe ya mwisho, tingatinga. Na anayetoa ruhusa hata hana chuki na Na'vi! Selfridge anasema wazi kwamba kuua wenyeji kunachafua jina, ila wenye hisa wanachukia zaidi ripoti mbaya ya robo mwaka. Mie sikuwahi kusikia ukweli kama huo kwenye filamu kubwa namna ile. Ndiyo maana nilikuwa shabiki. Sikuwa shabiki wa wale ndege wala ya misitu inayowaka usiku. Nilipenda kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa Hollywood alikuwa ameingia OFISINI.

Na mwaka ule hakuwa peke yake. 2009 hiyo hiyo ilitoka District 9 ya Neill Blomkamp, Johannesburg. Viumbe wa anga wamekwama kwenye vibanda vya mabati, na kampuni inataka kuwahamisha. Anatumwa nani? Karani! Wikus, mtu mpole mwenye sweta rohoni, anagonga mlango hadi mlango akiomba sahihi kwenye karatasi za kuhama. Ukijua habari za District Six ya Cape Town, ambako watu walianza kuondolewa baada ya eneo kutangazwa la Wazungu mwaka 1966, unajua karatasi zile zilitoka wapi. Na mwaka huo huo dada yetu Wanuri Kahiu wa Kenya akatengeneza Pumzi, filamu ya dakika ishirini na kitu tu. Maji yamekwisha duniani, watu wanaishi ndani ya jengo, Asha anapata mbegu iliyochipua na anaomba kibali cha kutoka nje akaipande. Ananyimwa. Kibali tu! Hakuna jini wala bunduki ya miale, kuna mtu wa kibali anayesema hapana. Filamu tatu za mwaka mmoja, za bajeti tofauti kama tembo, mbuzi na kuku, na zote zinajua jambo moja: mtu hafukuzwi kwake na upanga kwanza. Anafukuzwa na karatasi, upanga unakuja kusindikiza.

Sasa twende kwenye muendelezo, tuone mzee wetu kafanya nini na urithi huo.

Sehemu ya pili, The Way of Water, ilikuja Desemba 2022. Miaka kumi na tatu kamili! Ili mjue urefu wa miaka hiyo: mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji 2009 na ukafungwa 2021. Yaani mgodi mzima umezaliwa, umekua, umezeeka na umezikwa, Cameron bado anahariri. Na tulipoingia kuangalia, unobtanium imeyeyuka. Haitajwi tena kama jambo la maana. Sasa kampuni inawinda tulkun, wale nyangumi, kwa ajili ya maji ya ubongo yanayozuia uzee. Nikasema haya, bado ni mali, bado kuna bei, tuvumilie. Lakini ile hesabu ya ofisini ilikuwa imeshahamia pembeni, na katikati kawekwa nani? Quaritch. Yule yule aliyepigwa mishale miwili ya kifua na Neytiri mwaka 2009 akafa mbele yetu! Kafufuliwa kwenye mwili mpya wa bluu, na sasa vita yote ni kisasi chake na Jake Sully. Mgodi umegeuka kuwa ugomvi wa majirani wawili.

Mtaniruhusu niseme kitu cha uchungu hapa. Novemba 2022, mwezi mmoja kabla filamu ile ya maji haijatoka, bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipasuka. Tope likafunika nyumba na mashamba ya watu. Hiyo ndiyo njia ya maji ya kwetu. Hakukuwa na kanali mwenye makovu aliyesimama juu ya tuta akicheka. Kulikuwa na tuta, na maji, na maswali ya nani alilikagua lini. Filamu iliyoanza vizuri kama Avatar ndiyo iliyopaswa kuwa na macho ya kuliona tuta. Ikamwangalia Quaritch.

Halafu ndiyo ikaja hii ya tatu, zaidi ya saa tatu za moto na majivu, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha.

Kwanza niseme haki, maana mie si mtu wa kuponda tu. Picha ni kali. Wale Wafanyabiashara wa Upepo na vyombo vyao vinavyoning'inia chini ya viumbe vikubwa angani, nilikaa mdomo wazi. Msiba wa Neteyam ndani ya ile familia umebebwa vizuri, Neytiri akilia unaamini. Na Oona Chaplin kama Varang, mama kiongozi wa watu wa majivu, ni moto kwelikweli. Hilo halina ubishi.

Tena hadithi ya watu wake ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote tatu! Mlima ulilipuka, msitu wao ukaungua, wakamlilia Eywa, na Eywa hakuja. Wakabaki kwenye majivu. Wakasema basi, mungu huyo hatumtaki tena. Jamani, hilo ni swali zito. Ni swali la kila mtu aliyewahi kuomba msaada akajibiwa na ukimya. Nilikaa sawa kitandani (tulikuwa saba kwenye laptopu moja) nikasema sasa mzee karudi.

Kumbe wapi! Swali linaulizwa dakika mbili, halafu Varang anageuzwa kuwa nini? MCHAWI. Mwanamke aliyejipaka majivu na rangi nyekundu, ana unga wa kumlevya mtu, anapenda moto kwa sababu anapenda moto. Watu wake wanavamia na kuchoma kwa sababu ndivyo walivyo. Quaritch anawaletea bunduki, wanazipenda, wanakuwa wapenzi, vita baharini tena, nyangumi tena, mwisho. Hakuna aliyewajibu. Hakuna hata aliyekaa nao akasema poleni kwa msitu wenu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa sitanii. Sisi Wasukuma tunaijua vizuri kazi ya kutafuta mchawi. Kwetu Shinyanga, na Mwanza, na Geita, na Tabora, bibi zetu wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu. Mnajua macho yale yanatoka wapi? Jikoni. Miti imekwisha, bibi anapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, miaka arobaini ya moshi inaingia machoni. Mtoto akifa kwa malaria, ng'ombe wakifa kwa ukame, hakuna anayeuliza zahanati iko umbali gani au chanjo ilikwenda wapi. Wanamwangalia bibi. Kutafuta mchawi ni kazi rahisi kuliko zote duniani, kwa sababu inakupa uso wa kuuchukia na inakuondolea kazi ya kutafuta CHANZO. Ndiyo maana hata kwenye vikao vya kawaida tunaambiana tusitafute mchawi. Na Cameron, aliyeanza kwa kutuonyesha chanzo, kijiwe kile pale mezani na bei yake, kamalizia kwa kutuletea mama mwenye rangi nyekundu usoni atuchukizie. Haya ndiyo maendeleo ya miaka kumi na sita?

Najua mtaniambia nini. "Mwanangu, ni burudani tu, unaibebesha mzigo." Hapana. Ningeibebesha mzigo Fast and Furious mngenicheka na mngekuwa na haki. Avatar mzigo iliubeba yenyewe, kwa hiari yake, mwaka 2009, na umeiingizia zaidi ya dola bilioni 2.9. Huwezi kulipwa nauli ya mzigo halafu ukautupa njiani.

Mwingine atasema, "Hata ya kwanza ilikuwa na kasoro, mgeni anakuja miezi mitatu anakuwa bingwa kuliko wenyeji." Silikatai hilo, tena linanikera mpaka leo, jinsi Jake alivyompanda Toruk kama mtu anapanda bodaboda. Ila kasoro ile ni ya mwokozi. Adui alikuwa sahihi. Sasa wametuachia mwokozi yule yule na wametuharibia adui.

Na kuna atakayeniambia, "Lakini wabaya wapo kweli, kwani wanaofukuza watu ni malaika?" Wapo ndugu yangu, wapo. Lakini hebu jaribu kuwafuata. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kwa maelfu ili eneo libaki kwa Kahama Mining, kampuni iliyokuwa chini ya Sutton Resources ya Kanada. Yapo madai ya watu kufukiwa mashimoni. Serikali na kampuni waliyakanusha, na ubishi ule haujazikwa mpaka leo. Mwaka 1999 Barrick wakainunua Sutton. Mwaka 2001 mgodi ukafunguliwa. Baadaye mgodi ukawa chini ya African Barrick, ikaitwa Acacia, ikarudi Barrick, na tangu makubaliano ya 2019 kuna Twiga ambamo serikali ina asilimia 16. Haya, Neytiri, vuta upinde. Unampiga nani? Aliyeondoa watu siye aliyefungua, aliyefungua kabadilisha jina, na mwenye jina jipya ana mbia ambaye ni mimi na wewe. Adui wa namna hiyo hapigwi mshale wa kifua, kwa sababu kifua hana. HAPO ndipo penye filamu! Hapo ndipo penye vitisho kuliko joka lolote la Pandora.

Mnataka sayansi ya kubuni? Tuliishi ndani yake Machi 2017. Makinikia, makontena 277 yamezuiwa bandarini Dar es Salaam, nchi nzima imegeuka wanakemia, kila kijiwe cha kahawa kinabishana ndani ya mchanga ule kuna dhahabu kiasi gani. Julai kampuni ikaandikiwa deni la dola bilioni 190. Bilioni! Tukapiga hesabu, tukaambiana kila Mtanzania anapata Noah yake. Teh teh teh. Mwisho makubaliano yakawa ya dola milioni 300. Kati ya namba ile ya kwanza na hii ya mwisho kuna hadithi kubwa kuliko bahari yote ya Metkayina, na haina hata mtu mmoja aliyejipaka rangi.

Sasa mtu akiniuliza, wewe ungefanya nini na watu wa majivu? Ningewapa kitu cha kuuza. Rahisi hivyo. Watu walioungua, waliokosa msaada, wana ardhi iliyokufa juu lakini chini ina jiwe. Kampuni inakuja safari hii haina bunduki. Inakuja na orodha. Nani ataandikwa, nani ataachwa? Kuna atakayejenga kibanda usiku ili kesho kihesabiwe, kule Nyamongo wanaita tegesha. Kuna kijana atakayevaa sare ya ulinzi na kumzuia mjomba wake getini. Kuna mzee atakayetia dole gumba bila kusomewa. Kuna watakaolipwa na watakaobaki kwenye turubai, kama familia za Mtakuja, Geita, zilizoondolewa mwaka 2007 na kuishi miaka kwenye vibanda vya muda nje ya mji. Mpe Varang uamuzi huo. Mfanye mama anayetaka watu wake wale, anayejua anauza nini, na anayemwambia Jake Sully usoni: wewe Eywa wako alikuja, wangu hakuja, usinifundishe. Mngelia nyie. Na mtu wa kibanda umiza asingehitaji hata kutafsiri majina.

Wanasema ipo ya nne na ya tano njiani. Nitaiona, msinicheke, shabiki ni shabiki, Simba wakifungwa mnahama? Lakini natuma salamu kwa mzee Cameron kutoka Samuye: muache Quaritch apumzike kaburini, amechoka hata yeye. Mrudishe meneja wa mgodi pale mezani na kijiwe chake, umpe kalamu, utuonyeshe anatia sahihi wapi. Sisi huku tutamtambua.

Anayebisha, niko bloku ile ile, ghorofa ya pili. Aje na hoja na sukari, majani ninayo.